Njia ya Kukimbia, Njia ya Kutembea

Ndugu msikilizaji, wewe unayenifuata kila juma utakumbuka kwamba mara ya mwisho niliaga hapa nikasema nakwenda matembezi na jamaa yangu. Baadhi yenu mlinicheka. Na mlikuwa na haki, maana kwetu sisi mtu akisema anasafiri, swali la kwanza ni: nani amefariki? La pili: nani anaoa? Tunasafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa uhamisho wa kazi na kwa kufuata gunia la mahindi. Kusafiri ili kuona tu, wengi wetu bado tunalihesabu kuwa ni jambo la wageni wenye kamera shingoni.

Basi mimi nilikwenda. Nilimchukua mama watoto, wanangu watatu, na mama yangu mzazi ambaye umri wake ni miaka 80 na ushei. Tuliazima gari la shemeji yangu, tukatia mafuta, chupa mbili za chai na kikapu cha maandazi, tukashika njia ya Songea, Mbinga hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa. Na kusema kweli, hata mimi sikukosa sababu. Ndugu zangu wa kule walikuwa wameleta neno kwamba shamba la marehemu babu, lililo mteremkoni huko milimani, amepatikana mtu wa kulinunua apande miti ya mbao. Vijana hawalitaki tena jembe la kule, walisema. Mama aliposikia hakutoa jibu. Alisema tu, "Nipelekeni kwanza nikalione. Na watoto waje."

Sasa katika njia ile niligundua jambo moja, nalo ndilo nataka tulizungumze leo. Kwa zaidi ya miaka 150 watu wameipita njia hiyo. Lakini karibu wote walipita kwa kulazimika. Wako waliopita wakikimbia, wako waliopita wamebebeshwa mizigo ya vita, na wako waliopita wakitafuta shilingi za kodi. Sisi wa leo, tuliokaa kwenye viti vya gari tukila maandazi, ndio watu wa kwanza katika ukoo wetu kuipita njia ile kwa kupenda. Na mtu anayepita kwa kupenda ana wajibu wa kuuliza wenziwe walipitaje.

Tuanze Songea. Asubuhi kabla ya kuondoka niliwapeleka watoto kwenye Makumbusho ya Majimaji. Hapo lipo kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na lipo kaburi la Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake. Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika pale kuwakumbuka. Vita vya Majimaji vilipiganwa kuanzia 1905 hadi 1907, na watu waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto, ni wa kuhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wako wanahistoria wanaopandisha hesabu hiyo hadi kupita laki mbili.

Mwanangu wa kati akasimama pale akiwa amekunja uso. Akauliza, "Bibi, kwa hiyo Wangoni ndio waliokuwa watu wema?"

Bibi yake akacheka kidogo. "Inategemea unamwuliza nani, mjukuu wangu. Sisi Wamatengo tulipanda milimani kwa sababu yao."

Naam, ndugu msikilizaji. Historia ina tabia hiyo. Shujaa wa sura hii huenda akawa ndiye mtisha watu wa sura iliyotangulia. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika zama za misukosuko ya Wazulu. Mwaka 1835 walivuka mto Zambezi wakiongozwa na Zwangendaba, wakasonga kaskazini hadi Ufipa, na huko mkuu wao akafa mwishoni mwa miaka ya 1840. Baada ya hapo waligawanyika, na makundi yao mengine yakarudi kusini yakafika katika nchi ya Songea. Kufikia miaka ya 1860 na kuendelea walikuwa wamesimamisha dola mbili huko, Njelu na Mshope. Walikuwa hodari wa vita, wenye ngao za ngozi na mkuki mfupi, nao waliishi kwa kuwateka na kuwameza jirani zao. Jirani asiyetaka kumezwa alikuwa na njia moja: kupanda juu.

Wamatengo wakapanda. Waliacha bonde na nchi tambarare, wakaenda kujibanza kwenye milima ya kuzunguka Litembo, wengine wakiishi mapangoni. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya njia yetu. Haikuwa na mandhari ya kupendeza. Mtu akimbiaye na mtoto mgongoni haoni uzuri wa mlima, huangalia kama pana pa kujificha.

Tuliondoka Songea jua likiwa limepanda. Kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilomita 100, na yote ni lami. Kipande kikubwa, kutoka njia panda ya Peramiho, kilitengenezwa kwa msaada wa Wamarekani, katika mradi uliotiwa saini mwaka 2008. Kabla ya hapo, msimu wa mvua, safari hii iliweza kumeza siku nzima na kiatu kimoja. Peramiho yenyewe ni misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898, ikachomwa moto katika Majimaji mwaka 1905, ikajengwa upya. Mbele yake iko Kigonsera, misheni ya mwaka 1899, ambako Rais wetu wa awamu ya tatu, marehemu Benjamin Mkapa, alipata kusoma katika seminari. Njiani tulipishana na malori marefu yaliyofunikwa maturubai. Hayo hubeba makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, ambako uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 2011. Kitinda mimba wangu aliyahesabu mpaka akasinzia.

Kisha nchi ikaanza kuinuka. Hewa ikabadilika, madirisha yakafungwa, mama akavuta khanga ya pili. Na milima ikaanza kuonekana, mmoja nyuma ya mwingine, na juu ya miteremko yake kitu ambacho wanangu hawakuwahi kukiona. Mlima mzima ulikuwa umechorwa miraba midogo midogo, kama sega la nyuki lililosimamishwa wima.

"Baba, nani amechora ule mlima?" mkubwa akauliza.

Ndugu msikilizaji, hizo ndizo ngolo, wengine huandika ngoro. Naomba nizieleze taratibu, maana ni fahari ambayo Watanzania wengi hawaijui. Wamatengo walipofika mlimani walikuta shida mpya. Ardhi ilikuwa ndogo na imelala wima kama paa la nyumba. Mvua za kule ni nyingi. Ukilima mteremko kama ule kwa mtindo wa kawaida, misimu michache tu udongo wote umekwenda bondeni, umebaki na mawe. Kurudi bondeni hawawezi, kuna mikuki. Basi wakaketi wakafikiri.

Wakatunga hivi. Mwisho wa mvua, majani yakiwa marefu, wanaume huyafyeka na kuyalaza kwa mistari inayokatana, mpaka shamba lote linakuwa miraba. Kisha wanawake huingia na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya yale majani. Ukimaliza, una shimo katikati na matuta manne kuzunguka. Maharage hupandwa juu ya matuta, mnamo mwezi Machi. Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kukimbia. Huingia shimoni na kutuama, na udongo uliotaka kutoroka huzama humo humo. Majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Magugu yakipaliliwa hutupwa shimoni, nayo huoza. Msimu unaofuata hupandwa mahindi. Baada ya miaka miwili, mzunguko umekamilika, na mashimo mapya huchimbwa pale palipokuwa na makutano ya matuta ya zamani. Kwa hiyo mbolea ya jana inakuwa chakula cha kesho.

Kwa njia hiyo, miteremko ambayo mtaalamu yeyote angesema isiguswe imelishwa na kulisha watu kwa zaidi ya miaka 100 bila kumomonyoka ikaisha. Mwaka 1938 afisa mmoja wa utawala wa Kiingereza, A. H. Pike, aliandika makala juu ya ufundi huu wa kuhifadhi udongo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao kutoka Japani, walikuja kuzipima ngolo, kuhesabu mashimo na kupima maji. Walikuja kujifunza. Nasema tena: walikuja kujifunza kwa akina mama wa Kimatengo.

Na linganisha na jambo hili. Katika miaka ya 1950, serikali hiyo hiyo ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kule Morogoro kuchimba matuta ya ngazi milimani, kwa amri na kwa faini. Ardhi ile haikupenda ngazi, na watu hawakupenda amri. Mwaka 1955 kukazuka ghasia, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Ufundi unaoletwa na kiboko hauoti mizizi. Ufundi uliotungwa na mwenye shida mwenyewe, ule hudumu.

Tukafika Mbinga alasiri. Mbinga ni mji mdogo wenye haiba yake. Umekaa kwenye ubaridi, vilima vimeuzunguka, na mwezi Julai kama huu kila mtu amevaa sweta. Kando ya njia kahawa mbichi imeanikwa kwenye vichanja, harufu yake tamu kidogo, chachu kidogo. Mji huu umejengwa na kahawa; kila bati jekundu unaloliona lina gunia la kahawa nyuma yake.

Hapo mama alitusimulia habari za baba yake, na hapo ndipo tulipofika kwenye safari ya pili ya njia yetu. Babu alikuwa manamba. Neno hili vijana wa leo hawalijui. Mkoloni alidai kodi, na kodi ililipwa kwa fedha, na huku kusini fedha haikuwepo. Fedha ilikuwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Basi vijana wa Songea na Mbinga waliandikishwa, wakapewa namba, na kwa sababu ya namba wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha watu, kilichojulikana kama SILABU, na nchi ya Songea ilikuwa moja ya visima vyao. Babu alitembea kwa miguu siku kadhaa kwenda kuandikishwa. Alikaa Tanga misimu miwili. Aliporudi alikuta mtoto wake wa kwanza hamjui.

"Ndipo akapanda kahawa," mama alisema. "Alisema shilingi imfuate hapa hapa, asiifuate tena."

Msikilizaji, maneno hayo ni historia ya uchumi wa wilaya nzima. Kahawa ilikuwa imeanza kupandwa milimani humo tangu miaka ya 1920. Mwaka 1936 kilianzishwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kwanza kikishughulika zaidi na tumbaku ya Wangoni. Tazameni mambo ya dunia: wajukuu wa waliokimbizana kwa mikuki wameandikwa katika daftari moja la ushirika. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982, na katika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia. Mkulima wa Mbinga amepitia yote hayo, bei ikipanda na kushuka. Lakini katika kila hali ngolo ilimlisha. Kahawa ilileta bati na karo ya shule. Maharage na mahindi ya ngolo yalihakikisha kwamba bei ikianguka, watoto hawalali njaa.

Kesho yake tulikwenda kuliona lile shamba la babu. Mama aliketi juu ya jiwe, akalitazama muda mrefu. Nusu yake ilikuwa msitu wa majani. Hakusema neno. Akaomba twende ziwani kwanza, baraza la ukoo lingekaa tukirudi.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi. Lami yake imekamilika katika miaka hii ya karibuni kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Nakuambia, msikilizaji, kama hujapita pale hujashuka mlima. Mbinga iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kama mita 475. Kwa hiyo unateremka zaidi ya mita 800 kwa kona. Sweta zilivuliwa moja moja. Migomba ikaja, kisha miembe, kisha mihogo. Na kwenye kona moja milima ikafunguka kama mlango, na chini kukawa na maji ya buluu yasiyo na ng'ambo. Wanangu walipiga kelele. Mama alisema polepole, "Hapa ndipo tulipokuwa tunatua mizigo."

Alipokuwa msichana walishuka njia hiyo kwa miguu, maharage kichwani, kwenda kubadilishana na samaki wakavu. Siku nzima na kipande kuteremka, na zaidi ya hapo kupanda. Sisi tulitumia muda usiozidi saa mbili, tukisimama kupiga picha.

Ziwa lenyewe ni ajabu ya dunia. Urefu wake unapita kilomita 550, kina chake kinafika mita 700, na aina za samaki waliomo ni mamia, wengi wao hawapatikani kwingine kokote ulimwenguni. Ufukweni Mbamba Bay usipa walikuwa wameanikwa, wanang'aa kama sindano. Wavuvi wakatuuzia mbasa, tukachomewa pale pale. David Livingstone alipofika mwisho wa kusini wa ziwa hili mwaka 1859, alilipa jina la Nyasa, neno ambalo kwa wenyeji lilikuwa na maana ya ziwa tu. Kwa hiyo tunaposema Ziwa Nyasa, tunasema "Ziwa Ziwa". Ndiyo faida ya kumwuliza mwenyeji swali bila kusubiri amalize jibu.

Wanangu wakataka kuonyeshwa mpaka wa Malawi uko wapi. Nikawaambia, tafuteni mstari juu ya maji. Hawakuuona. Wajerumani na Waingereza waligawana nchi hizi kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, wakiwa Ulaya. Malawi husema mkataba ule unaweka mpaka ufukweni kwetu. Tanzania husema mpaka unapita katikati ya ziwa. Mabishano haya yalisikika miaka ya 1960, yakafufuka mwaka 2012, na viongozi wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji wakaombwa kusuluhisha. Wavuvi, wakati wote huo, wamekuwa wakifuata samaki, na samaki hawajasoma mkataba wowote.

Kesho yake tukafuata njia ya ufukweni kuelekea kaskazini hadi Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe kubwa majini linalofanana na lile sanamu la Misri. Hapa ndipo penye kisa ambacho watoto walikipenda kuliko vyote. Wajerumani walikuwa na meli ziwani, Hermann von Wissmann. Waingereza wa ng'ambo walikuwa na yao, Gwendolen. Manahodha wao, Berndt na Rhoades, walikuwa marafiki wakinywa pamoja kila walipokutana. Agosti 1914 vita vikatangazwa Ulaya. Habari zilimfikia Rhoades kwanza. Akavuka ziwa, akaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu pale Liuli ikitengenezwa, akaipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alitoka na mashua ndogo akiwa amefura kwa hasira, akamwuliza rafiki yake kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Hayo yanahesabiwa kuwa miongoni mwa mapigano ya kwanza kabisa ya meli katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwezi Mei 1915 Waingereza wakarudi kuhakikisha meli ile haiamki tena, na baada ya vita wakaitengeneza na kuipa jina la mfalme wao.

Watoto walicheka sana. Nikawaacha wacheke. Kisha nikawaambia yaliyofuata, maana vita vilivyoanza kama mzaha wa walevi havikuendelea hivyo. Mwezi Septemba 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland na Rhodesia yaliingia Songea. Jeshi halina mbawa. Risasi, unga na machela vilibebwa kichwani na Waafrika, kwenye njia hizi hizi. Hiyo ndiyo safari nyingine ya njia yetu. Wapagazi waliokufa Afrika Mashariki upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kukaribia laki moja, na wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na uchovu. Mzinga wa Gwendolen una tarehe vitabuni. Wapagazi wale, wengi wao hata makaburi hawana.

Lakini watu wa ziwani walikataa kukaa na majonzi tu. Waliorudi vitani walikuwa wameona gwaride, paredi na vyeo. Wakavichukua, wakavitia ngoma, ikazaliwa ngoma ya mganda. Jioni tuliporudi Mbamba Bay tuliikuta ikichezwa uwanjani. Wanaume wamevaa nyeupe, soksi zimepandishwa, wamejipanga mistari iliyonyooka, ngoma inalia, mabuyu ya kupuliza yanavuma, wanageuka wote kwa pamoja kama askari. Wanawake nao wana kioda yao. Vijiji hualikana na kushindana, na chakula hupikwa. Kile kilichokuja kama amri ya kuua, wao wamekifanya mchezo wa kualikana. Sijui kisasi kizuri kuliko hicho.

Liuli pia lipo kaburi la mzee mmoja Mwingereza, William Percival Johnson, wa misheni ya UMCA. Alifika Afrika mwaka 1876, akaishi katika vijiji vya ziwa hili zaidi ya miaka 40, akiwa karibu kipofu, akatafsiri Biblia katika Kinyanja, akafa mwaka 1928. Namtaja kwa sababu moja. Yeye na wenzake walisafiri kwa maji. Walikuwa na meli zao, mmoja ukiitwa Chauncy Maples, ulioanza kuelea ziwani mwaka 1901, ukiwa shule na zahanati. Kwa watu wa mwambao huu, barabara yao kuu tangu zamani ni ziwa. Hata lami ilipokuwa ndoto, meli ilifika. Na mwaka 2021 meli ya MV Mbeya II ilianza kazi ya kubeba abiria na mizigo kutoka upande wa Kyela.

Ndugu msikilizaji, tukarudi mlimani, na baraza la ukoo likaketi. Ndugu zangu walisema kweli tupu. Kuchimba ngolo ni kazi ya kuvunja mgongo, na sehemu kubwa ya mgongo huo ni wa mwanamke. Idadi ya watu imeongezeka, ardhi imegawanywa mpaka imekuwa vipande, vijana wengi wamehamia nchi ya chini yenye misitu au mijini. Miti ya mbao haihitaji palizi. Fedha ya mnunuzi ilikuwa tayari. Hakuna aliyesema uongo.

Mama hakubishana. Alisimama, akamwomba jembe mke wa mdogo wangu, akaenda shambani, nasi tukamfuata. Akamwita binti yangu mkubwa, msichana wa mjini ambaye jembe amelijua kwenye nembo ya taifa. Akamwonyesha pa kusimama, maana mteremkoni mtu hulima akiwa ameuelekea mlima. Mtoto akachimba. Shimo lake la kwanza lilikuwa kama shimo la kutupia takataka. "Sivyo," bibi akasema. "Funika majani yote. Ukiacha wazi, maji yatapita hapo." La pili likawa bora. La tatu, mama akanyamaza, na mama yangu akinyamaza maana yake umefaulu.

Waswahili husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Sikuwa na ujasiri wa kuwatamkia ndugu zangu methali hiyo, maana mimi naishi mjini na mgongo unaouma ni wao. Nilisema jambo dogo zaidi. Tusiuze sasa. Tulipe vibarua sisi tulio mjini, shamba lilimwe kwa mzunguko mmoja wa ngolo, yaani miaka miwili, maharage kisha mahindi. Likizo zote mbili watoto waje kufanya kazi. Baada ya hapo tutaketi tena. Walikubali, wengine kwa shingo upande. Huenda baada ya miaka miwili tutauza. Lakini tutakuwa tumeuza kitu tunachokijua.

Hilo ndilo nililorudi nalo. Lami ni baraka, wala sitaki mtu anisikie kana kwamba natamani zile siku za kubeba maharage kichwani. Mama yangu mwenyewe aliibusu ile lami kwa maneno. Ila lami ina hatari moja: inapitisha haraka. Njia ile huteremsha kahawa, makaa na samaki, na sasa bandari mpya inajengwa Mbamba Bay ili mizigo iongezeke. Ni vizuri. Lakini kama vitu vyote vitapita na maarifa yabaki yakifa mlimani, tutakuwa tumejenga njia ya kupeleka mali tu.

Kwa hiyo nakuomba, wewe msikilizaji wa mjini. Likizo ijayo, kabla hujanunua tiketi ya kwenda ufukwe wa watalii, uliza: njia ya kwetu ni ipi, na wazee wangu waliipita kwa nini? Mchukue mtoto. Ukiweza, mchukue na bibi yake, maana barabara bila bibi ni mandhari tu. Wazee wetu walikimbia, wakabeba, wakaenda kwa namba vifuani. Sisi tumepewa nafasi ya kutembea. Tutembee basi, tuone.